Ndege wa Rusinga: niliyoyapitia hadi mfupa mmoja ukakubaliwa kuwa spishi mpya

Mfupa wenyewe hauzidi kidole changu cha shahada. Ni ncha ya chini ya mguu wa ndege, pale vidole vinapoanzia, rangi ya hudhurungi iliyokoza, na upande mmoja una ufa mwembamba uliojaa chokaa nyeupe. Mwenye mguu huo aliishi takriban miaka milioni 18 iliyopita, mahali ambapo leo ni kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria, kaunti ya Homa Bay. Makala inayompa jina imekubaliwa na jarida lakini bado haijachapishwa, kwa hiyo hapa sitataja jina lake wala ukoo wake, na sababu nitaieleza mbele. Ninachotaka kusimulia ni njia yenyewe. Nilipoanza nilitafuta mtu aliyeiandika kwa Kiswahili, nikamkosa, na mengi yaliyonichelewesha yangeelezeka jioni moja tu na mtu aliyetangulia.

Watu wengi wanaponipongeza huuliza nilijisikiaje siku ile nilipouona mfupa na kujua kuwa ni spishi mpya. Siku ile sikujua chochote. Nilijua nimeokota mfupa wa ndege, na hata hilo nilihitaji mtu wa pili anithibitishie. Shambani unaokota mfupa. Spishi hugunduliwa baadaye, mezani, ukiwa umeuweka mfupa wako kando ya mifupa ya ndege wengine wengi, na kila mmoja unaulizwa swali lilelile: je, ni wewe? Kazi ya kuuliza swali hilo ndiyo iliyokula miaka yangu. Ndiyo pia ambayo vijana wanaoniandikia wakitaka kuingia katika fani hii hawaijui, kwa sababu picha zinazosambazwa huwa za watu wenye kofia na brashi juani.

Nianze na karatasi. Kenya, visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, ni mali ya taifa. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inamtaka anayevitafuta au kuvichimba awe na leseni, na mtafiti anahitaji pia kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Ili upate vyote viwili lazima uwe umeshikamana na taasisi inayotambulika, na kwa visukuku taasisi hiyo ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Anza kuomba mapema kuliko unavyodhani ni mapema. Mvua haisubiri sahihi ya mtu, na kwa Rusinga mvua ni kila kitu: ndiyo inayoosha udongo na kuufunua mfupa. Ukikosa wiki zinazofuata mvua, jua na mifugo hukutangulia.

Ukishapata karatasi zote za Nairobi, kumbuka kwamba shamba lina mwenyewe. Rusinga si nyika tupu. Ni vijiji, mashamba ya mahindi na mtama, mbuzi, omena walioanikwa kandokando ya ziwa, na makaburi ya wazee wa watu. Kisiwa hicho ndicho alikozikwa Tom Mboya, na wageni wengi huja kwa ajili yake tu. Tulipita kwa chifu, kisha nyumba kwa nyumba kwa wenye mashamba yaliyopakana na korongo tulizotaka kupekua. Mahali pamoja tulikataliwa, tukashukuru na kuondoka. Tulirudi msimu mwingine tukiwa na mtu wa kijiji kile kwenye timu, tukakaribishwa kwa chai. Kama una bajeti ndogo, usikate fungu la wenyeji. Wao ndio wenye macho.

Wa kwetu alikuwa mzee mmoja wa upande wa Kaswanga aliyefanya kazi ya kutafuta visukuku tangu ujana wake. Siku za mwanzo nilitembea nikiwa nimesimama wima, nikitazama chini, nikidhani ninaona. Akaniita.

"Binti yangu, unatafuta nini?"

"Mifupa, mzee."

"Mfupa haukujui. Piga magoti. Halafu usitafute mfupa, tafuta kitu ambacho si jiwe."

Nikapiga magoti. Ukiwa chini hivyo unaanza kutofautisha: vipande vya gamba la kobe, meno ya mamba, mbegu zilizogeuka jiwe. Kule mlima wa volkano wa Kisingiri ulimwaga majivu yenye kaboneti nyingi, nayo yakavifunika viumbe na kuvihifadhi kwa namna isiyo ya kawaida. Ndiyo maana Rusinga imetoa matunda, wadudu na vitu vingine ambavyo kwingine huoza bila kuacha dalili. Mwaka 1948 Mary Leakey alipata hapo fuvu la sokwe wa kale ambaye wakati huo aliitwa Proconsul, na ambaye tangu 2015 ameorodheshwa kama Ekembo. Tangu siku hiyo karibu kila anayefika Rusinga anakuja kwa ajili ya sokwe. Ndege huokotwa pia, huwekwa kwenye mfuko, hupewa namba, na mara nyingi habari zao huishia hapo. Sijasema hivyo kwa kulaumu. Fedha za utafiti hufuata historia ya binadamu, na mfupa wa ndege ni mdogo, mwembamba na mgumu kutambua.

Wembamba huo ndio utakaokusaidia shambani. Mifupa mingi mirefu ya ndege ni mitupu ndani na kuta zake ni nyembamba sana. Ukiokota kipande kilichovunjika, tazama pale palipovunjika: mfupa wa mnyama una ukuta mnene, wa ndege una ukuta kama ganda la yai na uwazi mkubwa katikati. Kwa sababu hiyohiyo mifupa ya ndege hupondeka ikilemewa na udongo, kwa hiyo kinachobaki mara nyingi ni ncha tu. Usihuzunike ukipata ncha. Habari nyingi za mfupa ziko kwenye ncha.

Wetu ulikuwa juu ya ardhi, umelala kwenye mteremko wa udongo wa kijivu, nusu umezama. Aliyeuona kwanza ni yule mzee. Nimelisema hilo katika makala ya kisayansi na ninalisema hapa pia, kwa sababu nimeona mara nyingi jina la aliyeona likipotea na jina la aliyeandika likibaki. Tulifanya mambo haya kabla hatujaugusa: picha ya karibu yenye kipimo, picha ya mbali inayoonyesha mteremko mzima, nukta ya GPS iliyoandikwa kwenye daftari na si kwenye simu peke yake, na maelezo ya tabaka la mwamba. Ndipo tukadondoshea matone ya Paraloid B-72, plastiki ya kuimarisha mifupa, iliyoyeyushwa kwenye asetoni, tukasubiri ikauke, tukauinua, tukauzungushia karatasi ya choo mara kadhaa na kuuweka kwenye kikopo. Kama huna Paraloid, ni afadhali uuache mfupa mkavu na uufunge vizuri kuliko kuupaka gundi ya dukani. Paraloid hutoka tena kwa asetoni. Nimeona mifupa iliyogandishwa kwa gundi za kienyeji ambayo mafundi wa maabara walihangaika nayo hadi vinundu vya kwenye ncha vikabanduka. Lebo andika mbili, moja ndani ya mfuko na moja nje, kwa penseli. Kalamu nyingi za wino hufifia juani.

Jambo moja zaidi kuhusu siku hiyo, na hili nalisisitiza. Mfupa uliolala juu ya ardhi unaweza kuwa umeporomoka kutoka tabaka la juu, au hata kuwa wa ndege aliyekufa juzi. Kwa hiyo hatukuuosha wote. Tuliacha udongo uliogandamana ndani ya ufa, na baadaye mwanajiolojia wa timu akaulinganisha na matabaka ya mteremko ule, ukalingana na tabaka moja la Muundo wa Hiwegi, mkusanyiko wa matabaka ya miamba ya Rusinga. Pia tulichekecha mchanga wote wa eneo lile kwa chekeche yenye matundu madogo. Ilikuwa kazi ya kuchosha, jua la utosi, vumbi machoni. Lakini ndani ya chekeche ndimo kilimotokea kipande cha kinundu cha upande wa ndani, ambacho kiliungana na mfupa wetu bila kuacha nafasi hata kidogo. Bila kipande hicho nisingekuwa na spishi, na kwa kuungana kwake tukajua kwamba mfupa haukutoka mbali.

Tukarudi Nairobi, na hapo ndipo ugumu ulipoanza.

Mfupa huu huitwa tasometatasi. Kama umewahi kusafisha kuku unaufahamu: ni ile sehemu yenye magamba, chini ya paja na mguu wa kuliwa, ambayo wengi hukata na kutupa, na ambayo vibanda vya Nairobi huikaanga na kuiuza. Kwenye ncha yake ya chini kuna vinundu vitatu, kila kimoja kwa kidole kimoja cha mbele. Kimo cha vinundu hivyo, mwelekeo wake, upana wa nafasi kati yake, na mahali lilipo tundu dogo linalopitisha mshipa, vyote hutofautiana kati ya koo za ndege. Kwa kasuku, kwa mfano, kinundu cha nje kimegeuzwa nyuma kwa sababu kidole kile hutazama nyuma ili kushika tawi. Ukijua hilo unaweza kuondoa koo nzima kwa dakika moja. Kuondoa ni rahisi. Kuthibitisha aliyebaki ndiko kugumu.

Sikuwa nimefundishwa ndege. Nilisomea jiolojia, na mifupa niliyoijua ilikuwa ya wanyama wanyonyeshao. Msimamizi wangu aliniambia nianze na kuku, na sikulipuuza. Nilinunua kuku wa kienyeji, jogoo na tetea, kisha kanga kutoka kwa mfugaji, nikachemsha, nikatoa nyama, nikailoweka mifupa siku kadhaa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga hadi mabaki yalipoachia, nikaianika kivulini. Mama alikuja kunitembelea akakuta ndoo tatu zinanuka uani. Akaziangalia, akaniangalia.

"Mwanangu, hii ndiyo digrii ya pili?"

Nilimweleza. Hakuridhika, lakini kesho yake alinisaidia kumwaga maji, na tangu hapo kila akichinja kuku huniwekea miguu. Kutoka kwenye ndoo zile nilijifunza kitu ambacho vitabu vilikuwa vimekisema bila kuniingia: jogoo na tetea wa boma moja wana miguu inayotofautiana kwa urefu, kwa unene, na jogoo ana kipi, yaani mwiba unaoota juu ya mfupa wenyewe. Kuku mchanga naye ana ncha zenye vitundu vidogo vidogo na mistari ambapo mifupa bado haijaungana. Mtu asiyejua angeweza kumgawa kuku mmoja kuwa spishi tatu.

Si hofu ya kinadharia. Moa wakubwa wa New Zealand, ndege wasioruka ambao wametoweka, wa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Dinornis, waligawanywa kwa muda mrefu katika spishi kadhaa kwa kutazama ukubwa, hadi mwaka 2003 DNA ilipoonyesha kuwa mifupa mikubwa ni ya majike na midogo ni ya madume wao. Huko Madagaska, mwaka 2018 ilitangazwa jenasi mpya ya ndege tembo, nao majitu wasioruka waliotoweka, ikaitwa Vorombe, kwa kupima mifupa. Mwaka 2023 uchunguzi wa DNA ya maganda ya mayai haukuiunga mkono jenasi hiyo, ukaashiria kuwa mifupa ile mikubwa huenda ni ya majike wa Aepyornis maximus, ndege tembo aliyekwisha kujulikana. Hao ni wataalamu waliobobea na mifupa yao ni mingi. Mimi nilikuwa na ncha moja ya mguu, na kwa umri wa miaka milioni 18 hakuna DNA ya kuniokoa. Kwa hiyo nilijiwekea sharti: sifa yoyote inayoweza kuelezwa na jinsia, umri, ukubwa wa mwili au kupondeka kwa mfupa, naifuta kwenye orodha. Orodha ndefu niliyoanza nayo ikapungua hadi sifa chache. Nilizipenda hizo chache kwa sababu zilikuwa zimepigwa vita na kubaki.

Makumbusho ya Nairobi yana mkusanyo wa mifupa ya wanyama na ndege wa sasa, na kwa Afrika Mashariki ni hazina. Omba miadi kwa barua inayosema wazi unataka mifupa ya ndege gani, sehemu gani ya mwili, kwa siku ngapi, na kwamba hutaomba kukata wala kutoboa. Fika na kalipa yako ya kupimia na taa yako. Andika namba ya kila mfupa uliouangalia, hata ule usiofanana, maana wahakiki, wataalamu wanaoisomea jarida makala yako kabla haijakubaliwa, wataiuliza. Na ukiona marabu amegongwa barabarani, usimwokote tu ukampeleka nyumbani kumchemsha. Ndege wa porini, hata akiwa mfu, anahitaji ruhusa ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Pata barua kwanza.

Lakini mkusanyo wa ndege wa sasa wa Afrika Mashariki hautoshi. Ndugu wa karibu wa ndege wa miaka milioni 18 anaweza kuwa leo anaishi Asia au Madagaska, au asiwepo popote. Makabati makubwa ya mifupa ya ndege yako mbali: Tring nchini Uingereza, Washington, Tervuren nchini Ubelgiji ambako kuna ndege wengi wa Kongo. Niliomba ufadhili wa safari nikanyimwa, nikaomba kwingine nikanyimwa tena. Nauli, viza, malazi na bima vilikuwa zaidi ya mshahara wangu wa miezi mingi. Kuna usiku nilikaa na mfupa ule mbele yangu nikalia, si kwa sababu kazi ni ngumu bali kwa sababu jibu lilikuwa ndani ya droo ambayo nisingeifikia. Kisukuku kimetoka kwetu, na mifupa mingi ya kukilinganishia, ikiwemo ya ndege wa Afrika, imekusanywa Ulaya na Marekani. Sitalizoea jambo hilo, na sidhani tunapaswa kulizoea.

Kilichonitoa hapo ni vitu viwili. Kwanza ni tovuti ya MorphoSource, ambako makumbusho mengi yameweka skani za CT za mifupa, picha za eksirei zinazoonyesha mfupa nje na ndani, nyingi zikiwa za bure kwa wanafunzi na watafiti. Unapakua mguu wa korongo wa Asia, unaugeuza kwenye kompyuta yako ukiwa Nairobi. Faili ni nzito. Nilikuwa nikipakua usiku, na nilinunua diski ya nje kabla sijanunua kitu kingine chochote. Pili ni wahifadhi wa makumbusho yale ya mbali. Niliwaandikia barua fupi, nikaambatanisha picha za mfupa wa sasa wa kuku zinazoonyesha pembe nne hasa ninazohitaji, nikaomba wanipigie picha za namba fulani kwa pembe hizohizo na kipimo kando. Wengi walijibu, mmoja wao siku ileile. Barua inayosema "naomba msaada kuhusu ndege wa visukuku" hukaa bila jibu. Barua inayoomba mifupa mitano kwa namba zake hujibiwa.

Mfupa wenyewe haukutoka nchini. Tuliufanyia skani hapahapa, na ilipobidi mtaalamu wa nje auone, tulimtumia faili na nakala ya plasta. Kuupeleka nje kunahitaji kibali na mkataba wa mkopo, na mimi nilipendelea kisukuku kibaki nyumbani nakala ndiyo isafiri.

Makala ya kwanza ilikataliwa. Wahakiki wawili, majina hatukuyajua. Mmoja alisema huenda ni ndege mchanga wa jamii inayojulikana. Wa pili alisema sifa ni nzuri lakini mfupa mmoja hautoshi, tuuache bila jina la spishi. Wiki ya kwanza niliwachukia wote wawili. Baada ya hapo niliwasoma tena, nikaona kwamba wa kwanza tungeweza kumjibu: skani ilionyesha ukuta wa mfupa uliokomaa, hauna vitundu vya utoto, na mistari ya kuungana imekwisha kufungika. Hilo tulikuwa nalo, ila tulilieleza kwa sentensi moja iliyojificha ukurasa wa kumi na kitu. Ukiwa na hoja inayofunga mlango, iweke mlangoni.

Wa pili alikuwa na haki, na ninaamini hivyo hadi leo. Ni afadhali mfupa ukae bila jina kuliko kupewa jina ambalo mtu mwingine atalifuta. Jina baya halifi kirahisi. Hubaki kwenye vitabu, kila anayekuja baadaye analazimika kushughulika nalo. Tungekubali kuuacha bila jina. Lakini msimamizi wangu akauliza, je, tumefungua droo zote za ndege wa Rusinga?

Hatukuwa tumefungua. Tulikuwa tumefungua droo za ndege waliotambuliwa. Zilibaki za vipande visivyotambuliwa, vilivyokusanywa miongo iliyopita na timu zilizokuwa zikitafuta sokwe. Hapo nilikumbuka habari ya Simbakubwa kutokaafrika, mla nyama mkubwa kuliko simba aliyetangazwa mwaka 2019: mifupa yake ilichimbwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, ikakaa kwenye droo za makumbusho ya Nairobi kwa miongo kadhaa hadi mtafiti Matthew Borths alipoifungua akitafuta kitu kingine, akaieleza pamoja na mwenzake Nancy Stevens. Na kwa ndege yuko Asteriornis wa Ubelgiji, wa miaka milioni 66.7 iliyopita. Jiwe lake liliokotwa mwaka 2000 na mkusanyaji asiye mwanasayansi, Maarten van Dinther, likionyesha vipande vichache vya mifupa ya miguu nje. Mtafiti Daniel Field na wenzake walipolipiga skani Cambridge wakakuta ndani fuvu lililo karibu kamili, wakamtangaza mwaka 2020. Karibu miaka 20 fuvu lilikuwa humo bila mtu kujua.

Nikaanza kufungua. Vikopo vidogo, pamba iliyogeuka rangi, lebo za mwandiko wa watu ambao wengine wameshafariki. Vingi vilikuwa vipande vya katikati ya mfupa visivyosema lolote. Baadhi havikuwa vya ndege kabisa. Kisha kikopo kimoja chenye lebo ya Rusinga, eneo la jirani na letu, kilichoandikwa "ndege" basi: ndani yake ncha ya chini ya tasometatasi ya kushoto. Wetu ni wa kulia. Nilivipanga vinundu, nikatafuta tundu la mshipa, likawa pale pale pasipo pa kawaida ambapo kwa mfupa wetu tulikuwa tumebishana kama ni maumbile au ni ufa. Huu haukuwa na ufa. Nilimpigia simu msimamizi wangu nikashindwa kuongea vizuri. Alisema tu, "Usiusogeze, nakuja."

Ulikuwa mdogo kidogo kuliko wetu, kwa hiyo ni ndege wawili, na sifa zile chache zilizobaki kwenye orodha zilikuwepo kwa wote wawili. Makala ya pili tuliijenga juu ya hilo. Yule mhakiki aliyesema mfupa mmoja hautoshi, kama ni yeye aliyerudishiwa, alikubali.

Kuhusu jina. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinataka spishi mpya itangazwe pamoja na maelezo ya kuitofautisha, kielelezo kimoja kikuu kilichotajwa wazi, na mahali kinapohifadhiwa. Tangu 2012 makala ya kielektroniki nayo hukubalika kwa ajili ya majina, mradi iwe imesajiliwa ZooBank, sajili ya mtandaoni ya majina ya wanyama, na usajili huo uonekane ndani ya makala yenyewe. Majarida mengine husahau kukukumbusha, kwa hiyo angalia mwenyewe kabla ya kuidhinisha nakala ya mwisho. Jina likisambazwa kabla ya hapo, kwenye mhadhara au mtandaoni, linakuwa jina tupu lisilo na nguvu ya kikanuni, na linaweza kuleta mkanganyiko wa miaka. Hiyo ndiyo sababu ya kunyamaza kwangu hapa. Tulipolichagua tuliwauliza watu wa Rusinga, kwa sababu ndege ni wa kwao. Ekembo lenyewe ni jina lililotoka kwenye Kisuba, na nilitaka njia hiyo iendelee.

Ada ya kuchapisha nayo iliniogopesha. Majarida mengi ya wazi hutoza kiasi ambacho mwanafunzi wa kwetu hawezi kukilipa. Kabla hujakata tamaa uliza msamaha wa ada, na uulize siku unapotuma makala, si baada ya kukubaliwa. Pia kuna majarida ya paleontolojia yasiyomtoza mwandishi wala msomaji. Palaeontologia Electronica ni mojawapo.

Mfupa wa kushoto na wa kulia sasa vimewekwa droo moja, kila kimoja na namba yake yenye herufi KNM-RU (za Makumbusho ya Taifa ya Kenya na Rusinga), na nakala ya plasta tumempelekea yule mzee wa Kaswanga. Droo za vipande visivyotambuliwa bado ni nyingi. Anayetaka kuanza, aje na kalipa, taa na barua ya miadi, na awe amekwisha kuchemsha angalau kuku wawili.